Blanketi Juu ya Paneli

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Pampu ya sola inavuta maji sasa. Mwagilieni nyanya, mkianzia za mjomba.

Asubuhi maji yalikatika. Nikasema huyu mjomba wenu kaziba bomba tena. Sikuuliza. Nilimtandika kwa mpini wa jembe mpaka nikasikia mfupa wa mkono unavunjika. Naye analia tu, "Shemeji, tazama paneli kwanza!"

Nikatazama. Zilikuwa zimefunikwa na blanketi langu, nililolianika mwenyewe alfajiri.

Nampeleka hospitali. ~~Mama yenu akiuliza, semeni kaanguka.~~ Mwambieni mama yenu kaka yake nimemvunja mimi.

Blanketi msilitafute. Ndilo nililomfungia mkono.

Baba yenu