Msichana wa Shaba Hakuitikia Salamu

Jumanne, Merigi

Mwenyekiti wa soko ameniudhi leo. Eti sanamu yangu ya mchuma majani chai haina uhai, kamati ikae kwanza ndiyo iamue kama wataichukua. Baada ya kuhangaika na shaba miezi yote hiyo! Niliogopa wataikataa, nakubali.

Jioni ukungu ukashuka. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya sanamu nikiipangusa miguu, mwenyekiti akifunga duka lake hapo kando, nyanya mmoja akapita na mkongojo.

“Chamgei,” akamsalimia msichana wangu. Kimya. Akarudia kwa nguvu. Kimya.

“Wasichana wa siku hizi!” akafoka. “Kikapu kimejaa majani, adabu hakuna.”

Nikamwangalia mwenyekiti. Kisha nikamwitikia nyanya kwa niaba ya binti yangu: “Chamgei mising, kogo.”