Magaga ya Tairi za Hasina

Jaafar, haki ya Mungu hili halina chumvi hata punje.

Mwenzio kaumbuka! Shemeji Hasina alimwachia tairi nne mpya amtunzie. Miaka mitatu kaziweka uani juani, kila Ijumaa akizipaka mafuta ya nazi. Eti zisipasuke, kama visigino!

Leo Hasina kaja na fundi Mulinge. Tairi zina magaga. MAGAGA, Jaafar!

Mwenzio akaapa kwamba fisi wa Taru ndiye aliyezitafuna.

Mulinge hoi kwa kicheko: "Mzee, jua na mafuta ndivyo vilivyoua mpira! Tairi huoshwa, hukaushwa, hufunikwa, huwekwa gizani."

Hasina akazinusa. "Fisi gani, shemeji, anayenukia nazi?"

Sasa gari la mwenzio limekaa juu ya matofali. Hasina huyoo, anakata upepo Msambweni kwa tairi ZANGU!