Jezi Yenye Nembo ya Chaza

Hilliard, Jumatatu

Eliya mdogo wangu,

Salamu kutoka Ohio kwenye mvua. Hupokei simu zangu tangu nilipomtilia shaka wakala wako wa soka, basi nakuandikia kadi. Hii huwezi kuikata.

Jana kwa shangazi tulikula ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, pamoja na jirani yake, Mkenya aliyewahi kulinda uwanja wa hiyo klabu unayoambiwa imekusajili kule Ghuba, Uarabuni. Nikamwonyesha picha yako kanisani, mchungaji akiipaka mafuta ile jezi uliyotumiwa. Akaweka tonge chini. Alisema klabu hiyo ilianzishwa na wapiga mbizi wa lulu, ndiyo maana kuna chaza kifuani. Lakini iliunganishwa na klabu jirani zamani, jina likabadilika, na nembo pia.

“Jezi hiyo siku hizi wanavaa wazee tu, siku ya kumbukumbu,” akasema. “Huyu kijana katumiwa jezi hii na nani?”

Nikamwambia ni wakala wako. Kesho naendelea Buffalo, lakini moyo uko huko nyumbani Okolona. Najua kanisa zima limeshakuaga. Usiposafiri watasema; acha waseme.

Nakupenda sana. Jezi baki nayo. Pasipoti mpe Mama.

Dada yako,
Neema