Kitanda Changu Hakitoki Kariakoo

Jumapili, baada ya isha

Goba siendi. Nimeshasema.

Leo Rehema alikuja kunichukua nikaishi kwake huko. Huyu ndiye mwanangu daktari, niliyemsomesha kwa vitumbua, na mtaa mzima unalijua hilo. Ati, "Mama, kwa umri wako, kelele hizi ndizo zinazokunyima usingizi."

Kelele! Miaka yote nalala makuli wakishusha mizigo hapo nje. Kinachonitesa ni joto, tangu ghorofa la jirani lizibe dirisha langu. Nakesha nikijipepea, na kweli naogopa. Juzi nilisinzia karai la mafuta likiwa motoni.

Ndiyo maana jana nilihamishia kitanda chumba cha uani, kwenye upepo. Nikamwambia, "Njoo ukikague, daktari."

Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akaketi, akajinyoosha "kidogo tu". Nje spika za maduka zinanguruma, viatu, viatu, bei ya kutupa! Mwanangu anakoroma. Nikamfunika kanga.

Aliamka magharibi. "Mama, mbona hukuniamsha?"

"Kama spika zote zile hazikukuamsha, mimi nani?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Begi langu alilokuwa amelishusha anipakilie nguo amelirudisha juu ya kabati mwenyewe, mimi sifiki.