Tulivyomchagulia Haja Nura Chumba cha Melini

Riyadh

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Kwanza niambie habari za kifua chako. Baridi ya huko Wundanyi imekuachia, au bado unakohoa kila ukiinama kupalilia? Na mwanangu Wawuda anakula vizuri? Mimi ni mzima, Mungu ananitunza. Joto la huku limepungua, siku hizi naanika nguo bila kamba kunichoma vidole.

Barua hii nimempa dada mmoja wa Mwatate anayerudi likizo, niliyekutana naye sokoni Batha. Najua utauliza kwa nini niandike na simu ipo. Mama, wewe kwenye simu hufungua sauti nyumba nzima isikie, na jambo hili lina aibu ya mtu ndani yake. Vaa miwani yako, kaa chini, usome peke yako.

Unamkumbuka Haja Nura, mama yake Madam, yule bibi mzee ninayemtunza. Tangu miguu yake ilegee anatumia kiti cha magurudumu, na mimi ndiye ninayekisukuma. Mwaka jana tulikwenda naye Jedda kwenye harusi ya jamaa yao, tukalala hotelini. Chumba kilikuwa kizuri, zulia hadi ukutani, lakini mlango wa bafu ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita. Nikajaribu kumbeba, naye ni mzito kuliko anavyoonekana. Hatukuwahi kufika chooni. Alilowa pale pale zuliani, akiwa na gauni lake la harusi.

Mama, yule mzee alilia kama mtoto. Nilipokuwa namfuta alinishika mkono kwa nguvu akaniambia, "Huda asijue. Niapie." Huda ndilo jina la Madam. Nikaapa. Nikalifua lile gauni, nikalikausha kwa kile kimashine cha nywele, tukaenda harusini kama hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo Haja hakutaka safari yoyote. Akialikwa, mara mgongo, mara vumbi, mara jua. Wao wakadhani ni uzee.

Sasa, miezi michache iliyopita Madam alitaka familia yote ipande meli ya matembezi, zile kubwa kama mtaa mzima, inayotoka Jedda, inapita Misri na Akaba kule Jordan, kisha inarudi. Haja aliposikia, uso ulimng'aa. Amezaliwa Jedda yule, karibu na mtaa wa Al-Hamra. Akatuambia kwamba utotoni alikuwa akiziangalia meli kutoka ufukweni, akijiuliza mji wao unaonekanaje kwa mtu aliyeko kule majini. Alipoolewa akaletwa Riyadh, na hakuwahi kujua.

Jioni hiyo Bosi na Madam walifungua kompyuta mezani, mimi nikiwapa chai. Nikasikia kwamba chumba cha melini kinalipiwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unalipia aina ya chumba tu. Wanakuhakikishia utapata cha aina hiyo au kizuri zaidi, lakini namba watakupangia wenyewe siku chache kabla ya safari, popote penye nafasi. Ya pili, unaiangalia ramani ya meli, unachagua namba unayoitaka, na hiyo inakuwa yako. Hii ya pili ni ghali kidogo.

Bosi, unavyomjua kwa hadithi zangu, aliipenda ya kwanza. "Kwa nini nilipie namba ya mlango? Chumba ni chumba. Tena tukiwa na bahati tutapandishwa daraja, kama siku ile ya ndege!"

"Kwa hiyo tutalala popote watakapotuweka?" Haja akauliza.

"Popote, Mama. Vyote ni vizuri."

Haja akageuza geuza kikombe chake, kisha akasema, "Nendeni nyinyi. Bahari itanitia kizunguzungu. Mimi nitabaki na Wakesho."

Walimbembeleza wee, hakubadilika. Baadaye nilimkuta Madam jikoni, amesimama mbele ya friji iliyo wazi, analia. "Mama hataki tena kukaa na mimi," akaniambia. "Kila nikimwita mahali anakataa. Nimemkosea nini, Wakesho?"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na kiapo nacho kilikuwa hapo hapo. Nikamwambia tu, "Hujamkosea, Madam," nikaendelea kuosha vyombo.

Asubuhi, nilipokuwa namchana nywele Haja, nilipiga moyo konde. "Haja, si bahari unayoiogopa. Ni mlango."

Nikaendelea kuchana.

"Ukiniruhusu, nitawauliza habari za mlango tu. La Jedda sitalisema mpaka nife."

Aliniacha nimalize kumsuka. Ndipo akasema, "Mlango tu."

Nikachukua tepu yangu ya kushonea, nikapima kiti chake upana, kutoka gurudumu hadi gurudumu, pamoja na vidole vyangu vinavyoshika pembeni. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi. Jioni, Bosi akiwa karibu kulipia, nikakiweka mezani.

"Samahani, Bosi. Naomba muwaulize wenye meli, mlango wa bafu una upana gani? Na chini kuna kizingiti?"

Akanitazama kama nimeongea Kichina. "Tangu lini wewe unatuchagulia vyumba?"

Nikasema, "Bosi, mimi ndiye ninayesukuma kiti. Kikikwama, kinakwama mikononi mwangu."

Madam alikichukua kile kikaratasi, akakisoma, akanitazama, kisha akapiga simu ofisi ya meli. Aliyejibu alieleza vizuri. Vyumba vyenye milango mipana, visivyo na kizingiti, vipo, ila ni vichache. Mtu lazima akichague chake kwa namba. Ukilipia kile cha kupangiwa, hawawezi kuahidi kwamba kiti kitapita. Viwili ndivyo vilivyobaki, kimoja mwisho kabisa kule mbele, kingine katikati ya meli, hatua chache kutoka kwenye lifti.

Bosi akacheka. "Jamani, yote haya kwa sababu ya mlango? Kwani meli itamtupa nje?"

"Itanitupa. Hoteli ya Jedda ilinitupa."

Tukageuka. Haja alikuwa mlangoni, amejisukuma mwenyewe kutoka chumbani kwake, anahema. Akayasema yote, Mama. Bafu, zulia, gauni, na mimi kuapishwa. Aliyasema akiwa amenyoosha shingo, macho kwa mkwewe, wala hakulia. Aliyelia ni Madam. Alipiga magoti akamkumbatia miguu, akawa anarudia, "Mwaka mzima, Mama? Mwaka mzima?" Bosi alivua miwani, akaisafisha muda mrefu, kisha akaenda kumbusu mkwewe kichwani. Akarudi kwenye kompyuta, akaniita kando yake.

"Yalla, Wakesho. Nionyeshe. Kipi?"

Nikaweka kidole kwenye kile cha katikati, karibu na lifti. Nilimwomba pia tuangalie kilicho juu yake, kwa sababu Haja hulala mchana. Juu yake palikuwa na vyumba vingine tu, watu wa kulala kama sisi. "Halas," akasema, akalipia. Chumba changu na Haja tukakijua namba siku hiyo hiyo. Cha kwao na watoto akakiacha kwenye bahati yake. Ukweli ni kwamba ni mwanamume mkaidi, ila si mbaya.

Safari tumeshaikamilisha, Mama. Walinitengenezea ruhusa ya kutoka na kurudi, nikapanda na pasipoti yangu mkononi. Mimi wa milimani, ndani ya meli! Tulipofika chumbani nikasukuma kiti kuelekea bafuni. Kikapita. Kulibaki nafasi ya kidole kimoja kila upande. Ndani kulikuwa na vyuma vya kushika ukutani. Haja akavitazama, akavishika, akavivuta kama anayejaribu uimara wake. Kisha akaniambia, "Toka."

"Haja, utaanguka."

"Toka, binti, funga mlango."

Nikatoka. Nikasimama nje sikio likiwa mlangoni, tayari kuingia. Sikusikia kishindo. Nilisikia maji yakifunguliwa, halafu nikamsikia anaimba chini chini. Miaka mitatu niko naye, sikujua kwamba anaimba.

Bosi naye hakukosa bahati yake. Siku tatu kabla ya safari alipangiwa chumba kizuri kuliko alichokilipia, chenye kibaraza cha kutazama bahari, na alituonyesha ile namba kwenye simu mpaka tukachoka. Lakini kilikuwa chini ya mkahawa wa juu, na alfajiri viti vilikuwa vikiburutwa juu ya vichwa vyao. Kila mchana alikuja kwetu na mto wake, akalala kwenye kochi letu. Haja alimcheka hadi machozi.

Meli ilipokuwa inaondoka Jedda, jua bado kali, nilimpandisha Haja kwa lifti hadi juu. Mji ukaanza kusogea nyuma. Alinyoosha kidole, akanionyesha upande wa kwao. Nikamwuliza, "Sasa umejua unavyoonekana?" Akasema, "Mdogo. Ni mdogo sana. Na mimi tangu ile harusi niliuogopa hivyo." Kisha akaomba aiskrimu.

Tuliporudi Riyadh, Madam aliniita akaniuliza mimi mwenyewe ninataka nini. Nikamwambia nataka kuja nyumbani. Hakuniambia, "Tutaona." Aliniketisha kwenye ile ile meza, tukaangalia ndege pamoja, akanikatia tiketi ya kwenda na kurudi, wiki ya kwanza ya Desemba. Ninayo kwenye simu. Nitakaa mpaka mwaka mpya uingie.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, na yule mjomba anayekutengenezea paa. Shangazi wa kwaya mwambie nitaimba naye Krismasi, sauti ya pili aniachie. Jirani anayekukamulia ng'ombe mguu ukikusumbua, mpe mkono wangu wa shukrani.

Na Wawuda mwambie leo, Mama. Usimfiche ukisema utamshtukiza. Mwache aanze kuhesabu siku.

Mwanao anayekupenda,
Wakesho