Jina la Chuo Chako, Baba

Baba,

Kuna watu hapa wanasema nilikuaibisha siku ya mazishi yako. Wengine wanasema nilikuheshimu. Miezi miwili imepita tangu tukuzike nyumbani Tongaren na bado hawajaelewana, kwa hivyo nimeona nikuandikie mwenyewe uamue. Si wewe ndiye ulikuwa mpimaji?

Niko ofisini kwako Kitale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harjit. Kiti chako nimekikalia, na kazi ya kupima uliyonifundisha naiendeleza, usinune. Kinalia vilevile nikiegemea upande wa dirisha. Ramani zako sijazigusa, isipokuwa ile ya Kamukuywa ambayo panya walianza kuila pembeni, nikaipandisha juu ya kabati. Bwana Harjit alifunga duka siku nzima ukizikwa, yeye ambaye hata Krismasi huacha mlango mmoja wazi. Alikuja Tongaren na viatu vyake vizuri akasimama kwenye matope mpaka udongo wa mwisho ukaingia. Watu walishangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu nakumbuka ulivyompimia ploti yake mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe hakuwa ameitaka. Ulisema tu hukulala vizuri.

Sasa nikuambie kuhusu kile kijitabu cha mazishi.

Kamati ilikaa kama kamati zote, hema, chai, mkate, na kila mtu akapewa kazi. Baba mdogo Simiyu akachukua kazi ya kuandika maisha yako. Nani angemkatalia? Ni ndugu yako wa tumbo moja, na ndiye familia yote ilimhesabu msomi. Mimi nikapewa kusoma, kwa sababu eti nina sauti. Kijitabu kilinifikia asubuhi ya mazishi, kimeshachapishwa, kina rangi, na wewe uko mbele na ile suti ya kijivu. Nikafungua nijizoeze. Shule ya msingi, sawa. Sekondari, sawa. Halafu Uingereza, na hapo nikasimama. Jina la chuo halikuwa lako. Lilikuwa la chuo cha Baba mdogo.

Woi, Baba. Nililisoma mara tatu.

Mji ni ule mmoja, wa mvua na moshi, ambao nyote wawili mlisomea. Wewe ulitangulia, umechangiwa na kijiji kizima kwa harambee. Yeye akafuata baadaye na ufadhili wa serikali. Lakini chuo chake kilikuwa juu kilimani, cha mawe, kikongwe, chenye mnara na kengele. Chako kilikuwa chini kando ya reli, politekniki, jengo la saruji ambalo ulituambia treni ikipita mwalimu alinyamaza kwanza ndipo aendelee. Na hizo hatua chache za kupanda kilima, Baba mdogo alizibeba maisha yake yote. Kila Krismasi, kabla nyama haijaiva, lazima aseme: "Kaka naye alifika Uingereza. Ila sasa, politekniki." Alilitamka hilo neno kama mtu anayekwambia mboga haina chumvi.

Waingereza wenyewe walipozigeuza politekniki zao zote kuwa vyuo vikuu, nilidhani mambo yameisha. Wapi! Alicheka mpaka akafuta machozi. "Ati hata nyinyi siku hizi ni yunivasiti! Punda ukimvalisha tai, bana, bado ni punda." Sisi watoto tulikuangalia tuone utasema nini. Ulikunywa chai yako, ukaweka kikombe chini, ukasema, "Lakini mvua ilitunyeshea sote, Simiyu." Basi. Mimi nilikuwa na hasira za kukutosha wewe na ukoo mzima, na wewe unaongea habari ya mvua.

Hukuwahi kuficha. Hilo ndilo ninalokusifia kuliko yote. Ungeweza tu kutaja jina la ule mji, kama wengi wanavyofanya, ukamwachia mtu ajijazie mwenyewe. Mtu akikuuliza ulisomea wapi, ulitaja politekniki yako jina lote, mwanzo mpaka mwisho, na kama alikuwa na haraka ulimngojea amalize haraka yake.

Kwa hivyo nilienda kumtafuta Baba mdogo na kile kijitabu mkononi, damu imechemka. Nilimpata nyuma ya ghala la mahindi, peke yake, macho mekundu kwa kulia. Nikamwonyesha ule mstari. Hata hakukana. Alisema, "Nimempa changu, Naliaka. Kaka yangu hawezi kuingia kaburini na politekniki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Baba. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Alikuwa amekuvulia kitu alichokipenda kuliko vyote akakuvalisha. Kilikuwa kitu cha kijinga, lakini alikitoa kwa moyo. Nilishindwa hata kumfokea, na unajua mimi kufoka sishindwi.

Nikaenda kwa Mama. Nilidhani yeye atanishika mkono. Alikuwa ameketi kitandani kwenu, kitambaa kichwani, na akasema polepole, "Niachie siku moja tu. Siku moja mume wangu awe wa chuo kikubwa kama wenzake." Mimi sikuwahi kujua, Baba. Miaka yote hiyo nilidhani yale maneno yanakupiga wewe. Kumbe wewe yalikuwa yanakupita, yanampata yeye, jikoni na wake wengine wa ukoo, wakimwita mke wa fundi na kucheka kidogo. Alivumilia, hakukwambia. Na sasa alikuwa ananiomba kitu kimoja.

Sasa niambie, ungefanya nini? Mama analia, ndugu yako analia, kijitabu kimechapishwa, wageni wanafika kutoka Myanga mpaka Kitale. Na wewe umelala, huwezi kujisemea.

Nilitoka nikazunguka nyuma ya boma mpaka kwenye ile bikoni, jiwe la mpaka lililo kati ya shamba la Baba mdogo na la Mama Rosa, mjane wa jirani. Unaikumbuka. Mimi ndiye niliyekushikia vigingi siku hiyo, likizo ya shule, tumekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa viazi vitamu, na wewe umeinama kwenye darubini yako ya miguu mitatu. Ua wa ndugu yako ulikuwa umemlia Mama Rosa hatua kumi na moja. Ulipima. Ukapima tena. Ukaniambia lile neno ulilonifundisha tangu nikiwa darasa la nne: mpimaji akianza mahali, lazima azunguke shamba lote na arudi papo hapo alipoanzia, na asipofika, basi kuna mahali amedanganya. Tulizunguka tukarudi papo hapo. Ukachimba, ukasimamisha bikoni ndani ya mahindi ya ndugu yako.

Alivyokuja juu! "Hii ndiyo ulienda kusomea politekniki? Kumnyima ndugu yako?" Na wewe, na jembe mkononi, jasho linatiririka: "Ndiyo. Ndiyo hii." Halafu ukasema, "Bikoni haina ndugu," ukaanza kukunja tepu yako.

Nilisimama pale nikiwa nimevaa nguo nyeusi na viatu vya kuazima, nikaona siwezi. Mtu aliyekataa kumsogezea ndugu yake jiwe hatua kumi na moja, mimi nimsogezee chuo kizima, tena siku ambayo hawezi kukirudisha? Aki Baba, nililia hapo kwa sauti mpaka ng'ombe wa Mama Rosa wakaniangalia.

Basi nikasoma. Nilisoma vizuri, hata ungependa. Nilipofika Uingereza nilishusha kijitabu, nikalitaja jina la chuo chako lote, politekniki na yote, polepole, kwenye kipaza sauti. Nikaongeza kwamba ulikuwa unalipenda. Watu wakaanza kupekua karatasi. Mzee mmoja wa mbele akadhani nimepotea mstari, akapaza sauti, "Soma vizuri, mama, imeandikwa hapo!" Minong'ono ikaanza. Sikuthubutu kuangalia upande wa Mama. Na hapo nyuma, karibu na sufuria, nikasikia Mama Rosa, unajua sauti yake ilivyo: "Mwache asome! Huyo wa politekniki ndiye alinipimia mimi!" Wengine wakacheka, wengine wakaitikia, na mtu mwingine akasema hata yeye alipimiwa na wewe. Nikaendelea kusoma.

Mama hakunisemesha siku nzima. Jioni wageni wakiondoka aliniletea chakula mwenyewe, akakaa karibu nami, akasema, "Ulisoma polepole. Kila mtu alisikia." Sijui kama ilikuwa lawama. Lakini juzi nilipoenda nyumbani nilikuta cheti chako kimetolewa kwenye lile sanduku la bati, kimetiwa fremu, kimetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni lazima akione.

Baba mdogo ndiye alikatika kabisa. Siku ile aliondoka bila kula. Nikampigia simu, hashiki. Nikamtumia salamu na Mama, hazirudi. Nilijiambia nimemzika baba na baba mdogo siku moja, na mara kadhaa nilitamani ningesoma tu kile kilichoandikwa. Nakwambia ukweli kwa sababu ni wewe.

Halafu leo asubuhi nikasikia fimbo kwenye ngazi. Nilijua ni yeye kabla sijamwona, na nikasimama kama mtoto wa shule. Aliingia, akavua kofia, akaangalia kiti chako, hakuketi. Amekonda, Baba. Aliniuliza habari za mvua huku Kitale. Nikamjibu. Akaniuliza tena habari za mvua. Kisha akasema anataka kuwagawia wanawe shamba akiwa hai, kwa sababu wameshaanza kuangaliana vibaya, na kwamba mwanawe mkubwa alikuwa ameleta mpimaji kutoka Nairobi, kijana mwenye cheti cha chuo kile kile cha mawe cha kilimani.

"Wadogo wamemkataa," akasema. "Wanasema ni mtu wa kaka yao. Wanataka kipimo cha politekniki."

Nikasema, "Na wewe, Baba mdogo?"

Alienda dirishani akaangalia barabara. Nilidhani amekasirika tena. Kisha akasema, bila kugeuka, "Anzia kwa ile bikoni ya kaka, ile ya kwa Mama Rosa. Ile haijawahi kunidanganya."

Baba, alisema hivyo. Yeye. Kwa mdomo wake. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni akalia, nami nikalia, na Bwana Harjit akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Kesho naenda Tongaren. Nimepakia tepu yako ya chuma, ingawa siku hizi nina mashine inayoongea na setilaiti na sihitaji tepu. Nitaibeba tu. Mama atatupikia, Mama Rosa amesema atasimama kwenye mpaka ahakikishe nasimama wima, na Baba mdogo amesema atanishikia vigingi mwenyewe, mzee wa watu, na mgongo wake ule.

Lala salama, mpimaji wangu. Nitaanzia kwa bikoni yako, nitazunguka shamba lote, na nakuahidi, jua likiwa bado juu, nitarudi papo hapo.

Mwanao,
Naliaka