Mashujaa wa Seneti

Jumatano

Eti demokrasia ya Marekani inakufa kwa sababu maseneta wanamwogopa rais. Hayo kayasema Wafula, bawabu mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, akiwa kitandani na soksi zake za kazini.

"Seneta mzima anatetemekea mtu mmoja! Hana aibu?"

Barasa wa kitanda cha juu akaongeza kwamba wanaopeleka ndege za vita kufundisha wengine uhuru wangeanzia kwao. Tukacheka sana. Kwa siasa za ng'ambo, chumba chetu hakina mwoga.

Basi nikatoa ile barua ya kumwomba msimamizi aturudishie mapumziko ya Ijumaa. Tangu ayafute, hakuna aliyekanyaga kanisani Mesaimeer, maana huku kwa Waarabu ibada zetu ni Ijumaa. Zilihitajika sahihi tu.

"Aanze Barasa," akasema Wafula. "Yeye ndiye mkubwa wetu."

"Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, ndugu yangu. Usinitafutie balaa. Anza wewe, msema kweli."

Msema kweli akakumbuka ana nguo za kuanua. Katoka mbio, na nguo zenyewe nilimwona akizianua mchana.

Nawadharau, lakini nami nina hofu yangu. Nikirudishwa nyumbani sasa, binti yangu hatamaliza chuo cha uuguzi.

"Na wewe je, bwana?" Barasa akaniuliza.

Nikamwambia sitii sahihi kitu ambacho sijakisoma vizuri, nikaikunja barua.

Barua hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, siku tatu.